Moshi Upi Uzimwe Kwanza, na Nani Aulizwe?



Siku hizi hapana serikali isiyosema kwamba yataka hewa safi. Mawaziri wakikutana katika mikutano mikubwa ya dunia wote husema neno moja, na magazeti hulichapa neno hilo kwa herufi kubwa. Lakini sisi watu wa reli tumezoea kuitambua treni kwa mabehewa yake, si kwa honi yake. Tukitaka kujua nchi fulani inajali nini katika mpango wake wa nishati, yaani nguvu za kuwasha taa, kuendesha mitambo na magari na kupikia chakula, hatuitazami hotuba. Twatazama ni moshi upi imeuzima kwanza, ni moshi upi imeuacha, na kabla ya kuuzima ilimwita nani waketi pamoja. Basi leo twataka kuzitazama nchi chache, za mbali na za jirani, kisha tuseme neno letu juu ya reli yetu wenyewe, maana shauri hili laja kwetu nalo.

Tuanze na Uingereza, kwa sababu huko ndiko makaa ya mawe na reli vilikokua pamoja kama watoto wa mama mmoja. Desemba 1952 moshi wa makaa ulichanganyika na ukungu ukaufunika mji wa London kwa siku tano, na hesabu ya kwanza ilisema watu kama 4,000 walikufa. Ndipo ikatungwa sheria ya hewa safi ya mwaka 1956. Moshi ule ulionekana kwa macho, na waliokufa walikuwa watu wa mji mkuu, kwa hiyo sheria ilipatikana upesi. Gesi ya kaboni inayoongeza joto la dunia haionekani, tena madhara yake humfikia mtu wa Turkana ambaye hajapata kuwasha hata mtambo mmoja. Kwa hiyo hiyo imechukua muda mrefu zaidi kusikiwa.

Siku ya 30 Septemba 2024 Waingereza walifunga mtambo wao wa mwisho wa kufanya umeme kwa makaa, ule wa Ratcliffe-on-Soar, miaka 142 baada ya kufungua wa kwanza London mwaka 1882. Miezi mitatu kabla, mwezi wa Juni, treni ya mwisho ilipeleka huko tani 1,650 hivi za makaa. Sisi twamfikiri dereva wa treni ile akirudi na mabehewa matupu. Katika mtambo wenyewe wafanya kazi waliobaki walikuwa kama 170, na wengi wao waliendelea na kazi ya kuufunga na kuubomoa. Tarehe ya kufunga ilijulikana miaka kabla, na vyama vya wafanya kazi vilikuwa mezani. Hiyo ni kazi nzuri, nasi twaisifu.

Lakini Waingereza hawakuanza hivyo. Mwaka 1984 walitangaziwa kwamba machimbo 20 yatafungwa na kazi 20,000 zitapotea. Wachimbaji wakagoma mwaka mzima, wakarudi kazini Machi 1985 bila mapatano yo yote. Wakati ule hapana aliyetaja hali ya hewa; neno lilikuwa hasara na faida. Leo mtu akisoma hesabu ya gesi ya Uingereza inavyoshuka, atadhani ni kazi ya wapenda mazingira peke yao. Sehemu ya hesabu hiyo ililipwa na vijiji vya wachimbaji ambavyo havikuulizwa kitu. Twalisema hili mapema kwa sababu wako watu wanaodhani kwamba kazi ikifungwa kwa ajili ya hewa safi, basi kufungwa kwake ni haki. Mwenye njaa haulizi kama alifukuzwa kwa sababu njema au mbaya.

Sasa tuvuke bahari tuwatazame Mfaransa na Mjerumani, majirani ambao mto Rhine tu ndio unaowatenga sehemu ya mpaka wao. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, Ufaransa, ambayo haina mafuta yake ya kutosha, ilikata shauri mwaka 1974 kujenga mitambo mingi ya nguvu za atomu. Leo karibu theluthi mbili ya umeme wake watoka huko, na mitambo hiyo haitoi moshi wa kaboni. Lakini tusimpe Mfaransa sifa asiyostahili: hakuanza kwa kupenda mazingira, alianza kwa kuogopa bei ya mafuta. Hewa safi aliipata kama mtu aliyechimba kisima akakuta na udongo wa kufinyanga vyungu.

Mjerumani yeye adui wake wa kwanza ni atomu yenyewe. Aliona ajali ya Chernobyl mwaka 1986, akaona ya Fukushima kule Japani mwaka 2011, na takataka za atomu hakujua atazizika wapi. Kwa hiyo tarehe 15 Aprili 2023 alizima mitambo yake mitatu ya mwisho ya atomu, huku mingine ya makaa ikiendelea kutoa moshi. Nchi mbili zenye wataalamu na fedha, na kila moja yasema inalinda mazingira, lakini moja imeshika kile ambacho nyingine imekitupa.

Maoni yetu ni kwamba Mjerumani alikosea mpango wa kuzima. Mtambo wa atomu ambao umekwisha kujengwa ungeweza kungoja. Makaa ndiyo yaliyostahili kutangulia. Lakini katika jambo jingine Mjerumani amewapita wengi. Mwaka 2018 aliunda baraza la kushauri namna ya kuacha makaa, na ndani yake waliketi wenye viwanda, watu wa mazingira, watu wa vijiji na vyama vya wafanya kazi. Sheria ikatoka mwaka 2020: makaa yakome si baada ya 2038, na majimbo ya makaa yapewe mpaka yuro bilioni 40 yapate kazi nyingine. Mfanya kazi wa makaa aliyetimiza miaka 58 akipoteza kazi hulipwa posho kwa muda usiozidi miaka mitano, hata aifikie pensheni yake. Wako wanaosema 2038 ni mbali mno, na huenda wana haki. Hata hivyo mfanya kazi wa huko aijua siku yake.

Uhispania ilifanya jambo dogo zaidi lakini la haraka. Oktoba 2018 serikali ilitia sahihi mapatano na vyama vya wachimbaji: yuro milioni 250 kwa miaka kumi, mchimbaji wa miaka 48 aweza kustaafu, wengine wafundishwe kazi mpya na kutengeneza tena ardhi iliyoharibiwa. Machimbo mengi yalifungwa mwisho wa mwaka ule ule. Tazameni mfuatano wake, ndugu: sahihi kwanza, kufuli baadaye.

Polandi ni kinyume. Huko zaidi ya nusu ya umeme wa mwaka 2024 ulitoka katika makaa, na mkataba wa wachimbaji na serikali uliotiwa sahihi Mei 2021 waruhusu machimbo ya mwisho kuendelea mpaka 2049. Chama cha wachimbaji kimewalinda watu wake vizuri, nasi tukiwa watu wa chama twajua kazi hiyo ilivyo ngumu. Lakini mji wa Krakow, katika nchi hiyo hiyo, ulichoka kuvuta moshi wa majiko wakati wa baridi ukapiga marufuku kuchoma makaa na kuni nyumbani tangu Septemba 2019. Mtoto wa mchimbaji naye ana mapafu. Chama kikipigania kazi ya baba tu, hata miaka thelathini ijayo, sharti kijibu swali la mama aliye na mtoto mwenye pumu. Sisi hatupendi kuiga Polandi katika jambo hili.

Juu ya Norwe tutasema maneno machache. Umeme wake karibu wote watoka katika maji ya mito, na katika magari mapya yaliyouzwa huko mwaka 2024 karibu tisa katika kila kumi yalikuwa ya umeme. Fedha nyingi za nchi hiyo tajiri zimetoka katika kuuza mafuta na gesi kwa wengine. Nyumba yao ni safi. Moshi wao huenda kutoka katika bomba la jirani.

Tuje Afrika. Ndugu zetu wa Afrika ya Kusini hupata sehemu kubwa sana ya umeme wao katika makaa. Mwaka 2021, katika mkutano wa Glasgow, nchi tajiri ziliwaahidi dola bilioni 8.5 wapate kuyaacha pole pole, nao mpango ukaitwa wa haki. Mtambo wa Komati katika jimbo la Mpumalanga, uliokuwa ukifanya kazi tangu 1961, ulizimwa Oktoba 2022. Wafanya kazi wa kudumu wengi walihamishiwa mitambo mingine. Lakini wale wa kandarasi, wanaofagia, wanaolinda lango, wanaofanya ukarabati kwa miezi mitatu mitatu, na mama aliyewapikia chai nje ya uzio, hao hawakuwa katika orodha ya mtu. Hapa ndipo twaomba kila mwanachama asome mara mbili. Sisi nasi tuna watu wa kandarasi katika reli, na tukipatana mambo yetu wenyewe tukawasahau, Komati itakuwa hapa.

Sasa nyumbani. Kenya yaweza kusimama mbele ya mataifa bila kuona haya. Karibu sehemu tisa katika kumi za umeme wetu hazitoki katika moshi: zatoka katika mvuke wa chini ya ardhi pale Olkaria, ulioanza kufanya kazi mwaka 1981, katika mabwawa ya mto Tana, katika upepo wa Turkana na katika jua. Mvuke peke yake ni zaidi ya sehemu nne katika kumi. Ujerumani, pamoja na utajiri wake wote, haijafika hapo. Na mtambo wa makaa wa megawati 1,050 uliotakiwa kujengwa Lamu ulikataliwa na baraza la rufani la mazingira mwezi wa Juni 2019, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushauriwa ipasavyo. Hivyo hata mahakama zetu zimekwisha kusema neno hili tunalolisema: ulizeni kwanza. Kadhalika pale Olkaria, mvuke ni safi, lakini jamaa za Wamaasai waliohamishwa mwaka 2014 walipeleka malalamiko yao mpaka kwa mabenki yaliyotoa mikopo, na ilibidi wasuluhishi waitwe.

Lakini umeme si nishati yote. Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya hupikia kuni. Na tazameni mambo yalivyokwenda. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu yake, jambo jema. Septemba mwaka ule ule ikatia kodi ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, kwa sababu wadanganyifu walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Julai 2021 gesi ya kupikia ikatiwa kodi ya asilimia 16; mwaka uliofuata ikashushwa kuwa 8, na mwaka 2023 ikaondolewa. Ebu mtu atuambie, mke wa mfanya kazi wa genge la reli alitakiwa apikie nini katika miaka ile? Msitu umefungwa, mafuta taa yamepanda, gesi imepanda. Alirudi kwa makaa ya gunia, na kila gunia ni mti uliokatwa mahali fulani usiku. Kila sheria moja ilikuwa na sababu yake, ila hapana aliyezipanga pamoja juu ya jiko moja akatazama sufuria. Bunge likitaka kujua mpango wa nishati wa nchi, lisitazame mitambo mikubwa tu.

Na sasa reli. Reli ya kisasa ya Mombasa mpaka Nairobi ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, na mwaka 2019 ikateremka Bonde la Ufa hata Suswa. Treni zake zaenda kwa dizeli. Zashuka bondeni karibu na Olkaria, mahali ambapo mvuke wapanda juu mchana na usiku, nazo zachoma mafuta yaliyokuja kwa meli kutoka Arabuni. Dizeli hiyo twainunua kwa dola. Mvuke hatuununui kwa mtu.

Majirani hawakungoja. Reli ya Addis Ababa mpaka Jibuti ni ya umeme tangu ilipozinduliwa mwaka 2016. Tanzania ilianza safari za treni ya umeme kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata. Hatusemi kwamba wenzetu hawana doa: sehemu ya umeme wa Tanzania watoka katika gesi, na bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lilijengwa mto Rufiji ndani ya hifadhi ya Selous, na watu wa UNESCO walilipinga kwa ajili ya msitu na wanyama. Tanzania iliweka umeme mbele ya msitu huo. Sisi tulikataa makaa Lamu, lakini tuliweka dizeli katika reli. Kila nchi imechagua kitu na kuacha kingine.

Watu watatujibu kwamba nyaya na vituo vya kupoza umeme kutoka bahari mpaka Suswa ni fedha nyingi, na deni la reli yenyewe halijaisha. Ni kweli. Watasema tena kwamba saa za jioni stima yetu haitoshi, miji mingine huzimiwa. Hilo nalo ni kweli. Lakini usiku wa manane watu wamelala, viwanda vingi vimefungwa, stima iko na haina mnunuzi, na mvuke hauwezi kufungiwa chupani. Treni za mizigo zaweza kusafiri saa hizo. Kwa hiyo sisi twaona kwamba nyaya zitakuja, ikiwa si mwaka huu ni mwaka ule, na afadhali zije kwa mpango.

Wazee wetu wa reli walipitia jambo kama hili. Injini kubwa za mvuke za namba 59, zile 34 zilizoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956, zilikuwa fahari ya njia ya Mombasa. Moja yao yasimama leo katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi, watoto wa shule huipanda na kupigwa picha. Dizeli ilipoingia, kazi ya mchochea moto ilikwisha kabisa. Si kwamba ilipungua, iliondoka duniani. Fundi wa boila naye akawa hana boila. Aliyekuwa kijana akajifunza dizeli, na aliyekuwa mzee akaenda zake shamba.

Safari hii tuna bahati moja ambayo wakubwa wengi hawaijui, nasi tulio karakana twaijua. Injini zetu za dizeli, dizeli yenyewe haizungushi gurudumu. Yazungusha jenereta, na stima ya jenereta ndiyo inayozungusha mota zilizo katika ekseli. Fundi wa mota hizo tayari ni fundi wa treni ya umeme kwa nusu. Dereva naye ajua tayari kuvuta mzigo mzito mlimani bila gurudumu kuteleza. Kinachokosekana ni mambo ya nyaya za juu, volti kubwa na usalama wake, na hayo hufundishwa kwa miezi, si kwa miaka mingi. Isiwe basi kwamba nyaya zikifika twaambiwa hapana Mkenya awezaye, ikaletwa meli ya mafundi. Yusufu kule Misri hakungoja njaa ifike ndipo ajenge maghala.

Kwa hiyo twataka chama kidai katika mapatano yajayo kwamba siku shauri la treni za umeme litakapoandikwa katika karatasi yo yote ya serikali au ya mwajiri, mjumbe wa wafanya kazi awe katika chumba hicho, kabla ya kandarasi kutangazwa. Mafunzo yafanywe katika saa za kazi na mshahara usikatwe. Fundi wa dizeli aliyebakiwa na miaka michache apewe njia ya heshima, kama yule Mjerumani wa miaka 58, wala asipewe kazi ya kufagia uwanja ili achoke ajiondoe. Na majina ya watu wa kandarasi yaandikwe katika orodha ile ile, ukurasa ule ule.

Makatibu wa matawi twawaomba watuletee kabla ya mkutano mkuu hesabu ya mafundi wa dizeli, madereva na wasaidizi wao, umri wa kila mmoja, na miaka aliyofanya kazi. Tawi lenye watu wa kandarasi lihesabu na hao, hata kama mwajiri wao ni mwingine. Hesabu hiyo hatujapata kuwa nayo mahali pamoja, na mtu wa kwanza atakayeulizwa mezani ataulizwa hiyo.